Kuotesha mimea hai katika hodhi la samaki lenye mchanga: mwongozo kutoka Pemba

Mchanga huushika mmea usimame, lakini hauulishi. Anayeanza kuotesha mimea hai ndani ya hodhi la kioo akilielewa jambo hilo moja, mengine yatamjia kwa wepesi, kwa sababu makosa mengi ninayoyaona katika mahodhi ya wenzangu hapa Pemba hutokana na kuudhania mchanga kuwa ni udongo. Udongo wa shamba una mboji na mfinyanzi, na madini yameshikamana na chembe zake, kwa hiyo mzizi ukipenya hukuta chakula kimekwisha andaliwa. Mchanga uliooshwa ni vijiwe vidogo visivyo na cha kutoa, na hata ukitiliwa mbolea hauwezi kuishika kwa muda mrefu. Pamoja na hayo, nimeotesha mimea katika mchanga kwa miaka mingi na sijatamani kitu kingine. Haulazimu kuagizwa kutoka nje, uchafu wa samaki hubaki juu yake ukaonekana na kuondolewa, samaki wanaopenda kuchimbua chini hawajeruhi midomo yao, na mizizi myembamba hupenya humo kwa urahisi kuliko katika kokoto.

Mchanga upi

Kabla ya kununua mmea hata mmoja, ujue mchanga wako umetokana na nini. Mchanga mweupe wa fukwe zetu nyingi, kama ule wa Paje na Jambiani, ni matumbawe na magamba ya viumbe wa baharini yaliyosagwa na mawimbi, na kikemia huo ni chokaa. Ukiwekwa katika maji baridi huyeyuka taratibu, ukayafanya maji yawe magumu zaidi, yaani yenye chokaa nyingi iliyoyeyuka, na kipimo cha pH, kinachoonyesha asidi na alkali ya maji, kikapanda kuelekea 8. Mchanga wa kwatzi, ambao ni chembe za jiwe gumu lisiloyeyuka, haubadilishi maji kwa namna yoyote, na huo ndio tunaoutafuta.

Kuitofautisha michanga hii miwili hakuhitaji maabara. Chukua kijiko kimoja cha mchanga mkavu, ukitandaze katika kisahani cheupe, kisha udondoshe matone kumi ya siki na usogeze sikio karibu. Mchanga wa chokaa hutoa mchachato kama wa soda iliyofunguliwa wakati huo huo, na ukitazama kwa makini utaviona vipovu vidogo vikipanda kati ya punje na kuliinua vumbi jembamba juu ya siki. Mchanga wa kwatzi hunyamaza kimya, na siki hukaa juu yake kama maji ya kawaida. Ukisikia mchachato hafifu tu, basi mchanga wako umechanganyika na vipande vya magamba. Mimea mingine itauvumilia, mingine haitauvumilia.

Usihukumu kwa rangi. Katika msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi mwa Pemba, kuna sehemu zenye mchanga mweupe kabisa usiokuwa na chokaa, uliochujwa na mvua za karne nyingi mpaka rutuba yake yote ikazama chini. Nimeutaja kwa ajili ya mfano tu, kwa kuwa msitu ule umehifadhiwa na hakuna ruhusa ya kuchota kitu ndani yake. Vivyo hivyo usichote mchanga ufukweni. Uchimbaji wa mchanga visiwani unasimamiwa kwa sheria, fukwe zetu zinaliwa na bahari mwaka hadi mwaka, na zaidi ya hayo mchanga huo una chumvi na chokaa, vitu ambavyo hodhi la maji baridi halivitaki. Nunua mchanga wa kujengea kwa muuzaji halali, ukiomba ndoo moja au mbili tu, na uufanyie jaribio la siki pale pale.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu hodhi langu la kwanza nililijaza mchanga uliobaki kwenye ujenzi wa jirani bila ya kuupima. Mwezi wa kwanza kila kitu kilikuwa sawa. Mwezi wa tatu majani mapya ya mimea yangu mingi yalianza kutoka yamepauka, yana rangi ya manjano karibu na nyeupe huku mishipa ya jani ikibaki kijani, ilhali mmea mmoja tu, valisineria, ukistawi kana kwamba hakuna lililotokea. Nilipoutoa mchanga wote na kuutazama juani niliona umejaa vipande vya magamba. Chuma ndicho kinachoufanya mmea utengeneze ukijani wake, na katika maji magumu yenye pH ya juu chuma huganda, mmea usiweze kukinyonya hata kama kimo ndani ya maji.

Ukishaupata mchanga unaofaa, angalia ukubwa wa punje. Punje za kati ya nusu milimita na milimita moja na nusu ndizo bora. Mchanga laini kama unga hushikamana, hewa haipiti, na mizizi huoza ndani yake. Mimi hutumia vipande viwili vya wavu wa dirishani: ninauchekecha mchanga kwenye kipande kimoja ili kokoto na takataka zibaki juu, kisha kilichopita ninakichekecha tena kwa wavu wenye matundu madogo zaidi na kulitupa vumbi linalopita. Baada ya hapo ni kuosha. Jaza robo ya ndoo, tia maji, koroga kwa mkono mpaka chini kabisa, mwaga maji yenye tope, kisha rudia. Mara tatu hazitoshi. Mara nyingine nimefika kumi na tano. Simama pale unapoweza kuuona mkono wako chini ya ndoo mara tu baada ya kukoroga.

Kwa hodhi lenye urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 30, tabaka la mchanga la sentimita 5 linahitaji lita 9, ambazo zikiwa kavu zina uzito wa takriban kilo 14. Kwa hiyo ndoo ya lita 10 iliyojaa inatosha. Ninapenda kuuinamisha mchanga, sentimita 3 mbele na 7 nyuma, kwa kuwa mimea mirefu yenye mizizi mingi hupandwa nyuma na ndiyo inayohitaji kina.

Maji yetu magumu na mvua ya masika

Maji ya visima vingi vya Unguja na Pemba hupita katika mawe ya chokaa kabla ya kutufikia. Kama birika lako la chai limeganda magamba meupe kwa ndani, na sabuni inakawia kutoa povu, basi maji yako ni magumu. Hilo lisikuvunje moyo, maana ipo mimea inayoyapenda maji hayo, na nitaitaja hapo chini. Wanaoishi karibu na pwani waonje maji ya kisima kwanza, hasa mwishoni mwa kiangazi, kwa sababu chumvichumvi kidogo ambayo mtu ameizoea inatosha kuidhoofisha mimea mingi. Maji ya mfereji yaliyotiwa dawa ya klorini yaache wazi katika ndoo kwa usiku na mchana mmoja kabla ya kuyatia ndani ya hodhi.

Zawadi yetu kubwa ni mvua. Maji ya mvua ni laini, hayana chokaa, na wakati wa masika mtu anaweza kujaza madumu ya kumtosha hadi kipupwe kiishe. Uache mvua inyeshe robo saa kwanza ili ilisafishe paa na kuliondoa vumbi pamoja na chumvi inayoletwa na upepo wa bahari, ndipo ukinge. Bati lenye kutu au lililopakwa rangi karibuni halifai. Usitumie maji ya mvua peke yake, kwa kuwa hayana madini yoyote. Nusu kwa nusu na maji ya kisima ni mchanganyiko ulionifaa kwa karibu kila mmea. Na kuna jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: maji yanapopungua kwa joto, kinachoruka ni maji tu, madini hubaki ndani. Ukifidia kila wiki kwa maji ya kisima, ugumu unajilimbikiza. Kwa hiyo fidia upungufu kwa maji ya mvua, na maji ya kisima yatumike unapobadilisha sehemu ya maji yote.

Nani anakula kwa mzizi, nani anakula kwa jani

Hapa ndipo penye kiini cha kazi yote. Mimea ya majini imegawika makundi mawili kwa namna inavyojilisha, na mchanga unayahusu makundi hayo kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa.

Kundi la kwanza hutegemea zaidi mizizi. Valisineria, yenye majani marefu kama utepe, ndiyo ninayompendekeza kila anayeanza hapa visiwani aipande kwanza. Asili yake inajumuisha maziwa ya Afrika Mashariki, hustawi katika maji magumu, na ina uwezo wa kujipatia kaboni kutoka katika bikaboneti iliyomo ndani ya maji hayo, uwezo ambao mimea mingi haina. Huvumilia hata chumvi kidogo. Hutambaa kwa mikono inayopita juu ya mchanga, na kila mkono huzaa mche mpya. Katika mchanga laini mikono hii huenda mbali, na miche mitano huweza kuujaza ukuta wote wa nyuma katika muda wa miezi sita. Baada yake ninaweka kriptokorini, hasa aina ya Cryptocoryne wendtii yenye asili ya Sri Lanka, ambayo haihitaji mwanga mkali na inayavumilia maji yetu. Ekinodorasi, yenye asili ya Amerika, ni mmea mkubwa wenye mizizi kama ndevu, na ndio mlafi kuliko yote. Usiupande katika mchanga kama huko tayari kuulisha. Yungiyungi wetu wa mabwawani naye ni wa kundi hili, lakini hulitaka anga: majani yake hupanda juu na kulifunika hodhi lote, kwa hiyo ninamwacha kwa wenye birika la nje.

Kundi la pili hula kwa majani, moja kwa moja kutoka katika maji, na kwao mchanga ni pambo tu. Anubiasi kutoka Afrika Magharibi na Kati, na kangaga wa Java, wote wawili wana shina nene linalotambaa kwa ulalo. Shina hilo likizikwa ndani ya mchanga linaoza, na huu ndio msiba unaowaua anubiasi wengi wanaonunuliwa kwa bei kubwa. Wafunge juu ya kitu. Wenzetu wa nchi nyingine hutumia mawe, lakini mawe mengi yanayookotwa hapa ni ya matumbawe, na yatafanya yale yale tuliyoyakimbia katika mchanga. Tumia kigae cha mtungi uliovunjika usiotiwa rangi, au kifuu cha nazi kilichokwanguliwa nyuzi zake zote na kuchemshwa mara tatu au nne mpaka maji yake yasibadilike rangi kuwa kama chai. Zungusha uzi wa pamba au mshipi mwembamba mara tatu, ukaze bila ya kulikata shina, na katika miezi miwili mizizi itakuwa imeshika yenyewe. Seratofilamu, unaofanana na mkia wa paka, hauna mizizi kabisa, uache uelee. Hukua haraka mno, huyapenda maji magumu, na huunyang'anya mwani chakula katika wiki zile za mwanzo ambazo hodhi bado halijatulia. Ninaposema mwani sikusudii ule unaolimwa na akina mama wa Paje, bali ule utando wa kijani unaovaa vioo na majani.

Kuulisha mmea ulio katika mchanga

Mimea ya kundi la kwanza ipelekewe chakula pale mizizi ilipo. Vipo vidonge vya dukani vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, lakini kwetu hupatikana kwa shida, na mimi hutengeneza vyangu kwa kinamo, ule udongo mzito unaonata wa mabonde ya mpunga. Mfinyanzi una sifa ambayo mchanga hauna: huyashika madini na kuyatoa kidogo kidogo mzizi unapoyahitaji. Udongo wenye wekundu, zaidi ya hayo, una chuma.

Chukua kinamo kisichotoka katika shamba lililopigwa dawa ya wadudu, kikaushe, kitwange, ukichekeche kwa wavu, kisha ukikande kwa maji mpaka kifikie ulaini wa donge la chapati. Finyanga vidonge vyenye ukubwa wa njugu mawe. Katikati ya kila kidonge tia punje mbili au tatu za mbolea ya chenga ya NPK, si zaidi, na ukifunge vizuri. Usitumie urea, kwa sababu hugeuka amonia haraka na amonia huwaua samaki. Vianike vidonge kivulini siku moja, kisha juani siku tatu, mpaka vigonganapo vitoe sauti ya vijiwe. Kidonge kisichokauka vizuri kitavunjika mkononi mwako wakati wa kukizamisha na kulichafua hodhi zima. Kilichokauka hukaa imara kwa muda wa kutosha kukifikisha chini.

Kizamishe kwa kidole mpaka chini ya mchanga, upana wa vidole vitatu kutoka shina la mmea. Hodhi la sentimita 60 linahitaji vidonge sita hadi vinane kila baada ya miezi miwili au mitatu, vingi zaidi kwa ekinodorasi na vichache kwa kriptokorini. Usivitie vyote kwa siku moja. Nusu wiki hii na nusu wiki ijayo ni salama zaidi kwa samaki. Ukikichimbua kidonge cha zamani kwa bahati mbaya, kitoe nje upesi.

Kwa mimea inayokula kwa majani, kinyesi cha samaki kinatoa naitrojeni na fosforasi ya kutosha, ila potasiamu na chuma hupungua. Majani ya zamani ya anubiasi au kangaga yakitoboka vitundu vidogo vyenye mduara wa manjano, mara nyingi ni upungufu wa potasiamu. Mbolea ya maji ya dukani, kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa wiki baada ya kubadilisha maji, inatosha.

Kupanda

Tandaza mchanga ukiwa na majimaji, uinamishe nyuma juu, kisha weka sahani katikati na umimine maji polepole juu ya sahani hiyo ili mchanga usitimke. Jaza mpaka sentimita 15 tu. Ni rahisi kupanda katika maji machache. Ng'oa majani yaliyooza, punguza mizizi mirefu ibaki kama sentimita 4, na ushike mmea kwa kibano kirefu au vijiti viwili vya mwanzi. Uzamishe kwa ulalo, ndani kuliko unavyohitajika, halafu uuvute juu kidogo mpaka shingo ya mmea, yaani pale majani yanapokutana na mizizi, ionekane juu ya mchanga. Kule kuuvuta juu ndiko kunakoinyoosha mizizi ielekee chini. Shingo ikizikwa, valisineria huweza kuoza na kufa.

Panda kwa wingi tangu siku ya kwanza, halafu subiri wiki mbili au tatu kabla ya kutia samaki. Valisineria mpya hulegea na kupoteza baadhi ya majani. Kriptokorini hufanya zaidi ya hivyo: majani yake yote yanaweza kuyeyuka kuwa uteute ndani ya siku chache baada ya kuhamishwa. Mara ya kwanza niliponunua kriptokorini nilizing'oa na kuzitupa nikidhani zimekufa, na mpaka leo nazisikitikia, kwa kuwa mizizi ilikuwa hai, nyeupe na migumu, na ingalichipua tena baada ya wiki tatu hadi sita. Ondoa majani yaliyooza, mizizi iache mahali pake.

Ukiagiza mimea kutoka Dar es Salaam au Unguja, mwambie muuzaji aifunge katika gazeti lililoloweshwa, ndani ya kopo lenye mfuniko, bila ya kuijaza maji, na ikae kivulini safari nzima. Mmea wenye unyevu huvumilia siku mbili za boti. Uliochemkia ndani ya maji ya moto hauvumilii hata moja.

Onyo juu ya mimea ya mtoni

Watu huniuliza kama inafaa kuchukua mimea katika vijito na mabwawa yetu. Jibu langu ni kwamba inafaa kwa masharti, na masharti yenyewe si ya kupuuzwa, kwa sababu ya kichocho. Konokono anayekieneza Unguja na Pemba ni wa jamii ya Bulinus, hukaa katika maji baridi yanayotembea taratibu au yaliyotuama, na hupenda kujibandika kwenye majani hayo hayo unayoyataka. Vimelea hutoka ndani ya konokono wakaogelea na kupenya ngozi ya mtu. Ugonjwa huu umepungua sana visiwani kutokana na kazi kubwa iliyofanyika, lakini haujatoweka, na haifai mtu aurudishe nyumbani kwake kwa ajili ya pambo.

Vaa buti na glavu ndefu za mpira. Ukifika nyumbani, weka mimea katika ndoo, usitie mkono mtupu ndani yake, na uichambue jani kwa jani kwa kibano, ukiondoa kila konokono na kila tone la ute lenye mayai. Bulinus anatambulika hivi: mshike kwa kibano ncha ya gamba ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikuelekea, mdomo huo utakuwa upande wako wa kushoto, na hauna kifuniko kigumu. Ukiwa na shaka, muue. Kisha loweka mimea katika maji yaliyotiwa shabu iliyosagwa, vijiko vikubwa viwili kwa lita 4, kwa saa tatu mpaka usiku mmoja, ambayo hupunguza konokono waliobaki na mayai yao. Suuza, na uiweke katika ndoo nyingine peke yake kwa wiki mbili, ukiichunguza kila siku. Vimelea vilivyokwisha kutoka nje ya konokono havidumu zaidi ya siku mbili hivi ndani ya maji, lakini konokono mmoja aliye hai ataendelea kuvitoa, kwa hiyo hesabu ya siku huanza upya kila unapomkuta mmoja.

Konokono mmoja ninamkaribisha kwa mikono miwili: yule mwenye gamba refu jembamba lenye ncha, Melanoides tuberculata. Mchana huzama ndani ya mchanga na kuulima kama nyungunyungu, na mchanga wenye konokono huyu haushikamani. Mnunue kwa mfugaji mwenzako, usimwokote mtoni.

Matunzo ya kila siku

Mwanga wa saa saba au nane kwa siku kutoka taa nyeupe ya LED unatosha. Usiliweke hodhi pale jua la mchana linapoingia, kwa kuwa utapata mwani na maji ya moto kwa pamoja. Umeme ukikatika siku moja au mbili mimea haidhuriki kwa kukosa mwanga, na usiwashe taa saa nyingi zaidi siku inayofuata kwa nia ya kufidia. Wenye kuhitaji ulinzi ni samaki, kwa sababu usiku mimea nayo hutumia oksijeni. Wakiwa juu wanahema alfajiri na pampu haifanyi kazi, chota maji kwa kata na uyamwage kutoka juu mara kadhaa. Wakati wa kaskazi, maji yanapopita nyuzi 30, acha mfuniko wazi na ufunike kwa wavu, na upunguze kiwango cha maji kidogo ili yaanguke kwa kishindo kutoka kwenye bomba la pampu.

Badilisha robo ya maji kila wiki. Mpira wa kunyonyea uchafu upitishe juu ya mchanga kwa umbali wa sentimita moja, usiuchome ndani karibu na mizizi, kwa maana uchafu uliozama hapo umekuwa chakula. Mahali pasipo na mmea, pachokonoe kwa kijiti mara moja kwa mwezi. Ukiona kupitia kioo doa jeusi ndani ya mchanga, na ukilichokoa vikapanda vipovu vyenye harufu ya yai viza, hapo hewa haifiki: chokonoa sehemu ndogo kwa siku, ubadilishe maji, kisha panda valisineria juu yake, kwa kuwa mizizi yake huipeleka oksijeni chini na doa litafifia taratibu.

Perege usimweke kabisa, ataupindua mchanga wote na kuyala majani, na samaki wa dhahabu ana tabia inayokaribia hiyo. Gapi, samaki wadogo wa mapambo, wanaishi na mimea kwa amani, na ukiwa na ndoo au birika la mimea lililo nje, watie humo wawili watatu wapate kula viluwiluwi vya mbu, la sivyo utakuwa umewafugia majirani wadudu hao.

Valisineria ikizidi, kata mkono unaoiunganisha miche kisha ung'oe mche kwa kuufuata mzizi kwa kidole, mchanga usitimke. Miche mizuri mpe mwenzako. Mabaki yote, pamoja na maji ya ndoo uliyoyasuuzia, yamwage chini ya mgomba au mpapai mbali na mtaro, kamwe si katika kijito wala bwawa, kwa kuwa mmea wa kigeni unaostawi ndani ya kioo chako unaweza kulifunga bonde la mpunga la watu wengine.